Barua ya wazi kwa viongozi wa klabu yetu: Tuambieni mpango wenu kwa beki chipukizi

Kwa Mwenyekiti, Katibu na wajumbe wa Kamati Kuu,
Kwa Kocha Mkuu na benchi lake la ufundi,
Nairobi.

KUH: BEKI WETU WA MIAKA 19 NA MSIMU UNAOKARIBIA

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mwanachama wa klabu hii na shabiki anayeingia uwanjani kwa tikiti yake. Sitaitaja klabu, wala sitamtaja kijana mwenyewe. Ninyi mnamjua, na yeyote anayefika kutazama mazoezi yetu anamjua, lakini jina lake limeshabebeshwa maneno mazito mno kwa mtu wa umri wake, nami sioni sababu ya kumwongezea mzigo. Isitoshe, klabu nyingi za jiji hili zina kijana wa aina hiyo, kwa hivyo kiongozi wa klabu jirani akiisoma barua hii na kudhani kwamba imeandikiwa yeye, anaruhusiwa kuijibu pia.

Jambo langu ni moja. Tangu ligi ilipokamilika mashabiki tumekuwa tukibishana kuhusu kijana huyu, na ubishi umezidi kuwa mkali kadiri msimu mpya unavyokaribia. Naamini tunabishana kwa sababu ofisi imenyamaza. Mambo yatakayoamua kama beki wa miaka 19 atakuwa mchezaji wa maana au atapotea njiani ni haya: atacheza nafasi gani, atasimama kando ya nani, atapewa dakika kiasi gani, mkataba wake ukoje, na mwili wake unatunzwa na nani. Yote yako mikononi mwenu, na hakuna hata moja mlilotueleza. Naomba mtueleze kabla ya mechi ya kwanza.

Niwape kwanza picha ya ubishi wenyewe, kwa maana najua kwamba wengi wenu siku za mechi huketi mahali penye paa na hamtusikii vizuri. Kambi yenye sauti kubwa zaidi inamwita Victor Wanyama mpya, yule Mkenya aliyefika Southampton na Tottenham za Uingereza, na inataka aanze kila mechi kuanzia siku ya kwanza. Ya pili inasema kwamba ni mwembamba, kwamba washambuliaji wa ligi yetu watamsukuma kwa bega mpaka achoke, na kwamba apelekwe kwa mkopo katika Supa Ligi ya Taifa, ligi ya daraja la pili, akakomae huko. Ya tatu, ambayo huongea kwa sauti ya chini kana kwamba imepewa siri na mtu, inadai kuna wakala ameshafika na afadhali kijana auzwe sasa kabla hajaumia. Kisha wapo wazee wa Kaloleni na Makongeni, watu waliozoea kutembea kwa miguu hadi uwanja wa City siku za mechi, ambao msimamo wao ni kwamba beki wa kati hahukumiwi kabla ya kufika miaka 25. Mimi naelekea upande wa wazee, ingawa nimewaona nao wakipoteza subira mara tu tunapofungwa.

Ubishi ulipata kuni mpya katika mechi yetu ya kirafiki pale Camp Toyoyo. Naomba nilieleze bao tulilofungwa siku hiyo kwa utaratibu, kwa sababu ndilo lililofanya nusu ya waliokuwapo waondoke wakisema kijana hafai.

Kiungo wa wapinzani alipokea mpira katikati ya uwanja akiwa peke yake, bila mtu wa kumkaba. Kijana wetu alipoona hivyo alipiga hatua mbili mbele, mkono juu, akitaka safu nzima ipande pamoja naye ili mshambuliaji aotee. Mwenzake wa kulia, mchezaji mkongwe ambaye tunamheshimu sote, wakati huohuo alikuwa ameshageuka na anarudi kuelekea lango letu. Pasi ilipita katikati yao, mshambuliaji akabaki yeye na kipa, na mnajua yaliyofuata. Kelele zote zilimwelekea kijana. Mtu aliyesimama nyuma yangu alimwita mlango ulio wazi.

Sasa, nani alikosea? Kiungo akiwa huru na kichwa chake kiko juu, walimu wengi wa mpira watawaambia mabeki warudi nyuma, kwa sababu pasi ndefu inakuja. Wapo wengine wanaofundisha kupanda na kutega mtego wa kuotea, na timu kubwa zinaishi kwa mtego huo. Njia zote mbili zina watetezi. Isiyo na mtetezi ni beki mmoja kupanda na mwenzake kurudi, na hilo huamuliwa kwenye uwanja wa mazoezi, na kocha, wiki kadhaa kabla. Na yule kiungo aliyeachwa huru, ni nani aliyetakiwa kuwa karibu naye? Sikusikia mtu yeyote akimuuliza kiungo wetu mkabaji alikuwa wapi.

Katika mechi hiyohiyo, kipindi cha pili, kulikuwa na tukio ambalo halikupigiwa makofi. Winga wao, kijana mwenye mbio kweli, alimpita beki wetu wa pembeni na kuingia akielekea kwenye kisanduku. Beki wetu chipukizi alitoka katikati kwenda kumkabili, lakini kabla ya kutoka aligeuza shingo kuangalia nyuma ya bega lake mahali alipokuwa mshambuliaji wa kati. Alipomfikia winga hakujitupa chini. Aliuweka mwili upande, akamfungia njia ya ndani, akarudi nyuma hatua fupi fupi huku akimsukumia kwenye mstari wa pembeni, mpaka winga akakosa la kufanya na kuurudisha mpira kwa mwenzake. Hapakuwa na mguso wala vumbi, na mpira haukuondolewa kwa kishindo. Waliokuwa wakinunua njugu hawakuona chochote, na kwa kweli hakuna kilichotokea, kwa maana ya kwamba krosi haikupigwa. Mambo ya namna hiyo ndiyo ningependa benchi la ufundi lituambie kama linayaandika mahali, kwa sababu mshambuliaji ana mabao yake ya kuhesabiwa, naye beki wa kati huonekana zaidi siku anapoteleza.

Tuliofika Kasarani mnamo Agosti 2025 wakati wa michuano ya CHAN, ile ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani, tuliona jinsi safu ya ulinzi iliyotulia inavyoweza kuipeleka timu mbali. Harambee Stars, timu yetu ya taifa, waliongoza kundi lililokuwa na Morocco, DR Congo, Angola na Zambia. Walishinda mechi tatu kwa bao 1-0 kila moja na kutoka sare ya 1-1 na Angola, maana yake katika mechi nne za kundi waliruhusu bao moja tu. Tulirudi nyumbani tukiimba majina ya wafungaji, Ryan Ogam na Austin Odhiambo, na ni haki yao kuimbwa, lakini timu inayofunga bao moja kwa mechi inafika robo fainali kwa sababu ya watu wanaocheza nyuma. Hata katika robo fainali dhidi ya Madagascar, kabla ya kutolewa kwa mikwaju ya penalti, bao letu lilifungwa kwa kichwa na beki, Alphonce Omija. Klabu yetu ilimaliza msimu uliopita ikibadilisha mabeki wa kati karibu kila wiki, na sikumbuki mabeki wawili wale wale wakianza mechi tatu mfululizo. Katika hali hiyo hata beki mwenye miaka kumi ya uzoefu angeonekana amepotea.

Hapa ndipo nina swali la kwanza kwa Kocha, nalo nauliza kwa heshima. Kijana huyu anatumia mguu wa kushoto. Katika mechi za kujipima nguvu nimemwona akichezeshwa upande wa kulia wa ulinzi wa kati, kisha beki wa kushoto, kisha, siku ambayo kiungo wetu alikuwa mgonjwa, kiungo mkabaji. Mabeki wa kati wa mguu wa kushoto ni wachache kila mahali, na makocha huwatafuta kwa sababu ya jambo dogo la kimaumbile: anapopokea mpira akiwa upande wa kushoto, mwili wake umeshafunguka kuelekea mstari wa pembeni, naye anaweza kumpa pasi beki wa kushoto au winga bila kujizungusha. Mwenye mguu wa kulia akisimama pale hulazimika kuurudisha mpira ndani kwanza, na muda huo mshambuliaji ameshamfikia. Faida hiyo imeongezeka tangu sheria ilipobadilishwa mwaka wa 2019, ambapo kipa anapoanzisha mpira kutoka langoni mwenzake anaruhusiwa kuupokea akiwa ndani ya kisanduku. Siku hizi beki wa kati ndiye anayeanzisha mashambulizi, na anafanya hivyo akiwa na mtu anamkimbilia usoni. Sasa sisi tumebahatika kupata kijana wa mguu wa kushoto anayejua kupiga pasi, tunamweka kulia, kisha tunashangaa akipiga mpira nje.

Najua kambi ya kwanza itanijibu kwamba hata Victor Wanyama alipokuwa Celtic ya Scotland alichezeshwa beki na kiungo. Ni kweli. Lakini kuna tofauti kati ya mchezaji mwenye nafasi yake anayeongezewa ya pili, na kijana ambaye bado hajapewa hata ya kwanza.

Na kwa kuwa jina la Wanyama linatajwa kila siku, tuikumbuke njia yake yote. Alizaliwa Nairobi mwaka wa 1991, akacheza katika klabu za hapa, kisha akaenda Helsingborg ya Uswidi, mahali ambapo kaka yake, McDonald Mariga, alikuwa ameshatangulia. Hakufika ugenini akiwa peke yake. Mwaka wa 2008 akajiunga na Germinal Beerschot ya Ubelgiji, akakaa huko hadi 2011 alipochukuliwa na Celtic, na bao la kichwa alilowafunga Barcelona lilikuja Novemba 2012, akiwa na miaka 21. Southampton walimnunua 2013, na Tottenham 2016. Wanaotaka kijana wetu awe Wanyama kufikia Desemba wanasahau miaka yote iliyokuwa katikati.

Mfano unaomfaa zaidi, kwa maoni yangu, ni Joseph Okumu, kwa sababu yeye ni beki wa kati hasa. Alitoka Chemelil Sugar akaenda Free State Stars ya Afrika Kusini, akapitia Marekani alikochezea Real Monarchs, akafika Elfsborg ya Uswidi mwaka wa 2019, mwaka uleule tuliomwona katika Kombe la Mataifa ya Afrika kule Misri. Baadaye akaenda Gent ya Ubelgiji mwaka wa 2021, na Reims ya Ufaransa mwaka wa 2023. Alipofika ligi kuu ya Ufaransa alikuwa na miaka 26. Wazee wa Kaloleni hawakubahatisha ule umri wao.

Kuhusu mkopo, mashabiki wenzangu wa Arsenal, ambao katika jiji hili hawana uhaba, hunitajia beki wao, William Saliba. Alinunuliwa mwaka wa 2019 akiwa na miaka 18, akapelekwa kwa mkopo Saint-Étienne, Nice na Marseille, na mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Arsenal ikaja Agosti 2022. Mfano huo ni mzuri, lakini tuusome wote. Kule Marseille Saliba alicheza karibu kila wiki, katika klabu kubwa yenye mashabiki wakali, dhidi ya washambuliaji wa kiwango cha juu. Je, klabu tunayotaka kumpeleka kijana wetu imeahidi nini? Ina kocha anayemhitaji, au ina nafasi tu katika orodha? Ina uwanja wa mazoezi, au anatarajiwa kucheza kwenye changarawe inayochubua magoti na ambako mpira hauwezi kupigwa chini? Nani atalipa mshahara wake, na klabu hiyo ikichelewesha, ninyi mtafanya nini? Sipingi mkopo wenye majibu ya maswali hayo, ila ninaogopa ule wa kumwondoa kijana machoni petu ili kelele zipungue.

Wale wanaomsifu kupita kiasi nao nina neno nao. Mwaka wa 2013 Sir Alex Ferguson, kocha wa Manchester United wakati huo, alisema hadharani kwamba beki wake Phil Jones anaweza kuwa miongoni mwa wachezaji bora zaidi kuwahi kuichezea Manchester United. Hakuwa mjinga, alikuwa ameona mabeki wengi kuliko sisi sote tukikusanywa. Majeraha yalimwandama Jones, na alipoondoka mwaka wa 2023 alikuwa amekaa nje zaidi ya alivyocheza katika miaka yake ya mwisho. Katika klabu hiyohiyo, beki Leny Yoro alisajiliwa Julai 2024 akiwa na miaka 18, na kabla ya mwezi huo kuisha alikuwa amevunjika mfupa wa mguu katika mechi ya kujiandaa na msimu dhidi ya Arsenal. Hakucheza mpaka Desemba.

Nayaleta haya kwa sababu ya swali la pili, ambalo ni la mwili. Kijana huyu hakupumzika. Ligi ilipoisha alionekana kwenye mashindano ya mitaani, kama walivyo vijana wengi wa Eastlands, maana mashindano ya Koth Biro na mengineyo ndiko mahali wanakojulikana na wanakopata cha kuwapa wazazi wao. Siwezi kumlaumu. Lakini anatoka kwenye vumbi la mtaa, anaingia kwenye nyasi bandia za Toyoyo, ambako mpira unadunda kwa namna nyingine na kiatu kinanasa unapogeuka ghafla, kisha kwenye nyasi za kawaida, yote ndani ya wiki chache, na hapo katikati anaitwa pia kambini na timu ya vijana. Mechi za kirafiki nne alizoanza amecheza dakika zote, wakati wakongwe walikuwa wakitolewa baada ya saa moja. Ni nani anayehesabu mzigo huo? Siku ile alipokaa chini akishika nyama za paja nilimwona mtu akimkimbilia na chupa ya maji na kopo la dawa ya kupuliza, na baada ya dakika moja akainuka akaendelea. Klabu inayodai kuwa na malengo ya kucheza mashindano ya klabu za Afrika inapaswa kuwa na mtaalamu wa viungo anayelipwa, mwenye daftari, na mwenye mamlaka ya kumwambia Kocha kwamba fulani hachezi leo.

Suala la tatu ni mkataba, na hapa namwelekea Katibu. Sihitaji kujua kiasi anacholipwa. Hiyo ni siri yake na mwajiri wake. Ninachotaka kusikia ni kwamba ana mkataba ulioandikwa, uliosajiliwa, na unaolipwa kwa wakati. Kanuni za FIFA ziko wazi: mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili kinyume cha sheria, anaweza kuipa klabu notisi ya maandishi ya siku 15, na klabu isipolipa, anaweza kuondoka kwa sababu halali. Kambi inayotaka auzwe na kambi inayotaka abaki zitakuwa zimebishana bure ikiwa kijana ataamka siku moja na kuondoka akiwa mchezaji huru, na sisi hatuna hata senti.

Na iwapo kweli kuna wakala aliyefika, basi tuelewane juu ya thamani iliyopo. Kanuni hizohizo zinasema kwamba mchezaji anapohamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine mkataba wake ukiwa bado unaendelea, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia mwaka aliotimiza miaka 12 hadi ule wa kutimiza miaka 23. Mgao huo unaendelea kila anapouzwa tena katika maisha yake ya soka. Ipo pia fidia ya malezi, inayolipwa anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na anapohamishwa nje hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23. Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, ambayo hutegemea kumbukumbu za usajili kujua nani alimlea nani na kwa muda gani. Kijana ambaye hakusajiliwa na klabu alipokuwa na miaka 14 ni kana kwamba hakuwepo. Kwa hivyo kabla ya kuzungumza na wakala yeyote, hakikisheni kumbukumbu zake zimekaa sawa, pamoja na zile za timu ya mtaani iliyomfundisha kuvaa viatu, kwa maana nayo ina fungu lake na haipaswi kusahauliwa kwa kuwa haina ofisi.

Umri wake nao uwe ule ulioandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Nalisema hili kwa ufupi, nanyi mnajua kwa nini nalisema.

Maoni yangu mwenyewe, kwa kuwa nimewauliza mengi, ni kwamba abaki hapa, achezeshwe beki wa kati wa kushoto na si mahali pengine, na asimame kando ya mkongwe mmoja yuleyule kwa muda wote wa mkondo wa kwanza wa ligi. Mechi za ligi ni 34. Hakuna haja ya kuanza zote. Theluthi mbili zitamtosha, nyingine aingie dakika za mwisho tukiwa tunaongoza, ambapo beki hujifunza kuvumilia presha, na nyingine apumzike kabisa. Mkongwe atakayesimama naye aambiwe waziwazi kwamba kazi yake msimu huu ni pamoja na kumfundisha, na alipwe heshima ya kazi hiyo. Nimeona wachezaji wazee wakiwanyamazia vijana uwanjani kwa kuogopa kunyang'anywa nafasi, na siwezi kuwalaumu ikiwa mkataba wao unaisha Juni na hakuna aliyewaita kuzungumza. Yule mkongwe wa siku ile ya Toyoyo ana uwezo wa kuwa mwalimu mzuri. Baada ya bao alimwendea kijana, akamshika shingo na kumwambia kitu sikioni. Ningependa yale mazungumzo yawe yanafanyika Jumanne mazoezini, kabla ya bao.

Mnisamehe nikimaliza na sisi wenyewe mashabiki. Kuna kundi dogo ambalo limeanza kumzomea kijana anapogusa mpira, hata katika mechi zisizo na pointi. Wengi wao ni vijana wenzake, na wachache walicheza naye utotoni, jambo ambalo pengine ndilo linalowasumbua. Wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo: msimu ni mrefu, mabeki wetu wakongwe watapata kadi na majeraha, na siku ya mechi ngumu huenda aliyebaki akawa huyu tunayemzomea leo. Lakini onyo hilo lina uzito zaidi likitoka kwa nahodha na kwa Mwenyekiti kuliko likitoka kwangu. Viongozi wa matawi wanawasikiliza. Waambieni. Na waambieni pia wale wa kambi ya Wanyama wapunguze, kwa sababu kijana anayesifiwa kwa jina la mtu mwingine atazomewa kwa jina hilohilo.

Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na kila mzazi wa mtaa wetu mwenye mtoto anayecheza mpira ameshapiga hesabu ya umri wa mtoto wake. Sitarajii kijana wetu awe kwenye kikosi hicho, na sitaki mtu amwambie kwamba anatarajiwa. Ninachotarajia ni kwamba mwaka huo atakuwa bado anacheza, hapa au kwingine, akiwa na magoti yake na mkataba wake.

Naomba basi mkutano na wanachama Jumamosi moja baada ya mazoezi, kabla ligi haijaanza. Hatuhitaji ukumbi wala viti vya kukodi. Ngazi za uwanja zinatosha. Kocha atuambie nafasi ya kijana na mwenzake wa kusimama naye, Katibu atuhakikishie kwamba mkataba na kumbukumbu za usajili viko sawa, na Kamati itutajie mtaalamu wa viungo. Msipoweza kuja nyote, Kocha na Katibu wanatosha. Kijana mwenyewe asiitwe kwenye mkutano huo.

Wenu katika mchezo,

Shabiki na mwanachama,
Jericho, Nairobi.